Ulingo wa kupandia mti unapoteleza, kuinama au kulia: tafuta sababu hapa

Ulingo wa kupandia mti una vipande viwili: kiti juu, jukwaa chini. Kila kipande kina waya au mkanda unaozunguka shina, na upande wako kina meno yanayouma gome. Unakalia kiti, unainua jukwaa kwa miguu, unasimama juu ya jukwaa, unapandisha kiti, unakaa tena, na hivyo hivyo hadi futi 15 au 20, yaani mita tano au sita. Hakuna msumari wala skrubu. Kinachoushikilia mtini ni uzito wako mwenyewe: ukikanyaga ukingo wa nje, waya unavutika nyuma ya shina na meno yanabana mbele. Uzito ukiondoka, au ukisogea karibu mno na shina, mshiko unalegea.

Hilo ndilo la kushika, kwa sababu malalamiko mengi ninayoyasikia yanarudi pale pale. Mtu ananung'unikia chuma ilhali kosa liko kwenye mti alioupanda au namna alivyousimamia. Mti ni nusu ya mtambo huu, na nusu hiyo hukuinunua dukani.

Nimewalenga walioanza kuwinda kulungu mwenye mkia mweupe katika misitu ya Marekani: Kentucky, Ohio, Michigan na kwingineko ambako Waswahili tumekuwa wengi siku hizi. Ukiwa na wazo la kuufungasha ulingo kwenye mizigo ya likizo ya Kenya, uache nyumbani. Uwindaji ulipigwa marufuku huko tangu 1977.

Kagua haya ukiwa bado chini

Kwanza mti uwe hai. Miti ya ash imekufa kwa mamilioni kutokana na mdudu mtoboaji aliyegunduliwa karibu na Detroit mwaka 2002, na mti huo ukishakufa hukauka na kuvunjika ghafla bila kutoa onyo. Ukiona vitundu vyenye umbo la herufi D, au gome lililodonolewa na kigong'ota hadi shina limebaki na mabaka meupe, pita. Gonga shina kwa ngumi. Likilia kama debe tupu, pita.

Pili, unene. Malingo mengi yametengenezwa kwa shina la kipenyo cha inchi 8 hadi 20, lakini soma lebo ya wako. Hakuna anayepima kipenyo kwa macho akapatia, basi beba kamba uzungushe: mzingo uwe kati ya inchi 25 na 63. Tazama pia juu, pale utakapokaa. Mti unaofaa chini unaweza kuwa mwembamba mno kule.

Tatu, uzito. Malingo mengi huandikwa paundi 300, sawa na kilo 136. Idadi hiyo si ya mwili peke yake. Koti la baridi, buti, mfuko, chakula na bunduki vyote vimo. Mtu mnene wa Novemba si yule aliyepanda mizani bafuni mwezi wa saba.

Nne, vaa mkanda wa mwili mzima na ufunge kamba yake kwenye shina kabla mguu haujaacha ardhi. Ulingo wenye cheti cha chama cha watengenezaji, TMA, huja na mkanda huo ndani ya boksi. Wengi huuacha humo humo kwenye boksi, na hao ndio tunaowasoma magazetini.

Dalili: unateleza kushuka

Ndiyo dalili inayotisha kuliko zote, na ndiyo inayoripotiwa mara nyingi. Sababu, kuanzia ya kawaida:

1. *Gome.* Hikori yenye magome yanayobanduka vipande virefu ndiyo mbaya kuliko zote: meno yanauma gome, gome linaachana na mti, nawe unashuka pamoja nalo. Sikamori yenye magamba ina tabia hiyo hiyo. Miti yenye ngozi laini haina shida siku kavu, lakini ikilowa ni balaa. Mwaloni wenye gome gumu, popla iliyonyooka au msonobari usio na matawi chini ndiyo ya kutafuta.

2. *Maji na barafu.* Mvua ya usiku ikifuatwa na baridi kali ya alfajiri huweka utando wa barafu usiouona kwa tochi. Pitisha kiganja kwenye shina bila glavu.

3. *Unasimama karibu na shina.* Ukiogopa kimo, mwili wenyewe unakupeleka kukumbatia mti, na hapo ndipo unapoondoa uzito kwenye ukingo wa nje. Rudisha visigino nyuma, uzito uende mbali na shina.

4. *Meno yamejaa utomvu na vipande vya gome.* Brashi ya waya na dakika mbili zinatosha.

5. *Meno yamelika, au mpira unaofunika waya umechakaa.* Hili huja kwa ulingo wa zamani au ulionunuliwa mkononi.

Jaribio ni rahisi. Funga jukwaa kwenye shina likiwa chini ya goti, panda, ruka kidogo kwa visigino mara mbili tatu. Lisiposhuka hata inchi, endelea. Likishuka, inua ukingo wa nje kidogo, lifunge upya, ujaribu tena.

Sehemu zilizolika agiza kwa mtengenezaji kwa namba ya modeli. Usinoe meno kwa tupa wala usiongeze skrubu ili "liume vizuri".

Simama hapa: likiteleza mara mbili wakati wa kupanda, teremka. Hujashindwa na ulingo, umeshindwa na mti ule. Tafuta mwingine.

Dalili: jukwaa linainama mbele kadiri unavyopanda

Chini lilikuwa sawa kabisa, juu unahisi kama unateremka mlima. Karibu kila mara sababu ni moja: shina linapungua unene kuelekea juu, waya haupungui, basi kitanzi kinabaki kikubwa na ukingo wa nje unalala.

Dawa hutiwa chini. Anza ukingo wa nje ukiwa umeinuka inchi chache kuliko upande wa shina; jukwaa litajinyoosha lenyewe njiani. Kiasi gani? Inategemea mti. Msonobari hupungua taratibu, mwaloni wa pembeni mwa shamba hupungua haraka. Simama hatua kadhaa nyuma ya mti uutazame wote kabla ya kufunga. Macho yako yatajifunza msimu mmoja tu.

Kuna modeli zinazokuruhusu kurekebisha waya ukiwa umekaa juu. Kama kitabu chako hakisemi hivyo waziwazi, teremka hadi ardhini urekebishe huko. Kuchomoa pini ya waya ukiwa futi 15 juu ni kufungua mlango wa basi linalokimbia.

Ukiona mwinamo umeongezeka ilhali hujapanda zaidi, hiyo ni habari nyingine: pini haikuingia hadi mwisho, bolti imelegea, au fremu imepinda. Shuka polepole. Fremu iliyopinda haikunjuliwi.

Dalili: jukwaa limeanguka, wewe umebaki kwenye kiti

Sababu ya kwanza: kamba inayounganisha kiti na jukwaa haikufungwa. Ya pili: mikanda ya miguu imelegea, buti likachomoka wakati wa kuinua. Ya tatu: ulifika, ukakaa, uzito wote ukahamia kwenye kiti, na jukwaa lililobaki bila mzigo likalegea lenyewe.

Kamba ndiyo jibu la zote tatu. Ifunge pande zote mbili kabla ya kuanza. Ukifika kimo chako, vuta kamba hadi ikaze kisha uifunge fupi, jukwaa lisipate nafasi hata ya kushuka shubiri.

Limeshaanguka? Baki umekaa. Hakikisha kamba ya mkanda wako imekaza mtini. Kama kamba ya kuunganisha ipo, livute taratibu, chomeka miguu, libane. Kama haipo, usishuke kwa kukumbatia shina na usiruke. Piga simu kwa mwenzako, au 911. Hiyo ndiyo sababu simu inakaa kwenye mfuko wa kifuani. Ikiwa ndani ya begi lililoning'inia chini, haina msaada. Na mtu nyumbani ajue uko mti upi, si "msituni" tu.

Dalili: unayumba au kuzunguka shina

Mara nyingi shina si duara. Lina upande bapa au nundu, na meno yanashika kona moja. Sogea robo ya mzunguko ukajaribu upande mwingine. Mti ulioegemea pia hukuzungusha: kaa upande wa juu wa mwinamo, usipande ulioegemea sana. Kukalia kiti upande mmoja, begi zito likiwa limetundikwa kulia, nako kunatosha kuleta mzunguko mdogo unaokuchosha siku nzima.

Dalili: unalia

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo watu wanapoharibu malingo yao kwa nia njema.

Kulungu amezoea matawi kuvunjika, kindi kuchakura, miti kulia kwenye upepo. Chuma kugonga chuma hakijazoewa msituni. Kelele moja ya namna hiyo alfajiri na utakaa hadi saa nne ukitazama majani.

Usianze kufunga tepu kila mahali. Tafuta kwanza sauti inatoka wapi. Funga ulingo mtini uani, chini kabisa, kaa, geuka kushoto, geuka kulia, simama, vuta upinde mtupu bila kuuachia. Mwenzako aweke sikio.

Ukisikia mlio wa *kwiii* unapogeuka, ni kwenye viungo: washa za nailoni (vile vipete bapa vya kwenye bolti) zimekauka au kulika, au nati imelegea. Badilisha washa, kaza nati kwa kipimo cha kitabu. Nati zenye pete ya nailoni ndani hupoteza mshiko zikifunguliwa na kufungwa mara nyingi. Usizirudishe, weka mpya za daraja lile lile. Kilainishi kiwe nta au silikoni kavu. Mafuta ya mashine yananuka, na pua ya kulungu haisamehi.

Ukisikia *kang, kang* wakati wa kutembea, ni vipande viwili vinavyogongana mgongoni. Vipachike kimoja ndani ya kingine, kaza kwa mikanda miwili badala ya mmoja, na weka sponji ya kufunikia mabomba ya maji pale vinapogusana. Minyororo na vishikizo vya mikanda vifungwe kwa tepu ya kitambaa.

Ukisikia *pa!* moja kali baada ya kukaa muda, mara nyingi ni meno yanayozama zaidi kwenye gome, hasa baridi inapoongezeka. Ukifika juu, kabla hujatulia, kandamiza jukwaa kwa visigino mara moja kwa nguvu. Meno yatazama kwenye gome wakati huo, si wakati dume limesimama hatua 30.

Tepu ya kitambaa, ile ya wachezaji wa magongo ya barafuni, inafaa sana kwenye reli na mikono ya kiti. Kamba nyembamba iliyosokotwa kuzunguka bomba nayo inafaa, tena haipozi vidole. Lakini kuna mahali pa kutogusa: meno, waya, matundu ya pini na viungo. Tepu iliyofunika tundu la pini itakufanya uamini pini imeingia ilhali imesimama nusu njia. Rangi ya kupuliza isifike kwenye mikanda ya nguo, kwani kemikali zake zinaweza kudhoofisha nyuzi.

Dalili: mgongo na mabega yanakufa kabla hujafika

Malingo mengi yana uzito wa kati ya paundi 17 na 30, kilo 8 hadi 14 hivi. Mikanda ya mgongoni inayokuja nayo ni ya kukutoa dukani hadi garini, basi. Hili ndilo badiliko la kwanza ninalopendekeza: mikanda mipana yenye sponji na mmoja wa kiunoni, ili mzigo ushuke kwenye nyonga. Panga kipande kizito kiguse mgongo, si kile kinachochomoza nyuma. Na usivae koti zito unapotembea. Lifunge juu ya mzigo, ulivae ukishakaa, vinginevyo jasho litakugandisha ifikapo saa mbili asubuhi.

Kama bado ni mzito, pengine ulinunua usiokufaa. Mwenye kutembea maili moja na nusu katika ardhi ya umma hahitaji kiti kama sofa. Mwenye kuwinda nyuma ya ghala la shamba la rafiki, na aje na sofa.

Dalili: upinde unagonga reli, au bunduki haina pa kuegemea

Hili si tatizo la kurekebisha, ni la kuchagua. Ulingo wenye reli iliyofunga mbele hukupa mahali pa kuegemeza bunduki na kitu cha kukamata unapopanda. Anayeanza namshauri huu. Ulingo ulio wazi mbele humpa mtu wa upinde nafasi ya kuvuta akiwa amekaa. Kuna na aina nyepesi ya kuinuliwa kwa mikono, isiyo na kiti cha kukalia unapopanda: inataka mabega ya kijana.

Usikate reli ili kupisha upinde. Reli ni sehemu ya fremu. Jaribu kwanza kukaa ukiwa umeelekea shina, au kupandisha kalio la kiti, kabla ya kukimbilia ulingo mwingine.

Silaha haipandi nawe. Inavutwa kwa kamba baada ya wewe kukaa na kufungwa: bunduki ikiwa haina risasi, mdomo ukielekea chini, mishale ikiwa ndani ya kifuniko.

Dalili: waya mgumu, una kinyuzi kilichochomoka, au mkanda umetafunwa

Pitisha kitambaa cha pamba juu ya waya wote. Kikinasa popote, kuna uzi umekatika ndani. Waya uliokunjika kona kali, wenye kutu inayotoka chini ya plastiki, au uliovimba, umekwisha. Mikanda ya nguo hufifia kwa jua na kutafunwa na kindi na nungunungu, wanaopenda chumvi ya jasho lako. Kwa hiyo ulingo usilale msituni msimu mzima, hata sheria ya eneo ikiruhusu.

Waya wa duka la vifaa vya ujenzi hauwi badala, hata ukiwa mnene zaidi, kwa kuwa ncha zake hazikubanwa kwa mzigo huu. Wala mkanda wa kufungia mizigo ya lori.

Simama hapa pia: ufa kwenye bomba au kwenye mshono wa kuchomelea. Fundi wa mtaani atakuambia atauziba kwa dola chache, na atauziba kweli. Lakini malingo mengi ni ya alumini iliyokomazwa kwa joto kiwandani, na moto wa kuchomelea huondoa sehemu kubwa ya nguvu hiyo pembeni mwa mshono. Kutoboa matundu ya kufungia kishika-upinde ni kosa la jamii hiyo hiyo. Tumia kishikizo cha kubana. Ufa ukionekana, wasiliana na mtengenezaji, na ulingo ukae chini.

Dalili: mkanda wa usalama unakuvuta au unalegea

Kamba ya mkanda ikiwa ndefu, ukianguka utapita jukwaa kabla haijakukamata. Fundo la Prusik, lile linalosogezwa kwenye kamba kwa mkono na kubana likivutwa, likae juu ya kichwa, na unapokaa kusiwe na ulegevu wowote. Lisogeze kila unapopanda hatua. Soma tarehe ya mwisho iliyoshonwa kwenye lebo. Mkanda uliokwisha kumdaka mtu hata mara moja hautumiki tena.

Kuning'inia kwenye mkanda bila kusogeza miguu nako kunaua: damu inabaki miguuni na mtu anaweza kuzimia, wakati mwingine ndani ya dakika chache. Beba kitanzi cha kukanyagia, usukume miguu, jaribu kurudi kwenye jukwaa. Usipoweza, 911 mara moja, usingoje kuona kama nguvu zitarudi.

Ulionunua kwa mtu

Kabla ya kuupanda hata futi tatu, tafuta lebo yenye modeli na tarehe ya kutengenezwa, kisha iangalie kwenye orodha ya bidhaa zilizorudishwa ya tume ya usalama wa bidhaa ya Marekani, cpsc.gov. Malingo yamerudishwa viwandani mara nyingi kwa mishono iliyopasuka au waya uliokatika. Usio na lebo, usiokuja na pini zake zote, au uliofungwa bolti za rangi tofauti tofauti, usiuulizie hata bei. Na ukigundua kwamba ulio nao umo kwenye orodha, fuata maelekezo ya tangazo lenyewe ili urudishiwe pesa au sehemu mpya; kumuuzia mwenzako bidhaa ya namna hiyo ni kuvunja sheria ya Marekani.